Hata Mmoja

Mfenesi wa baba ulikuwa mkaidi. Aliupanda yeye, akafa hajaonja tunda lake, nami nikaurithi pamoja na shamba hili la kando ya Ruvuma. Mapapai na machungwa nayapeleka mjini, mtaa wa Rahaleo, wateja wananijua. Mfenesi haukuwahi kunipa cha kubeba.

Kwetu mti usiozaa hutishwa. Mmoja anashika panga, mwenzake anajificha nyuma ya shina. Mwenye panga anagonga kwa bapa na kuuliza, "Utazaa au nikukate?" Aliyejificha anausemea mti: "Niache, mwakani nitazaa." Basi, mnakwenda kunywa chai.

Mke wangu ndiye aliyekuwa mti. Alitoka kwa watu wa ng'ambo ya mto, Msumbiji, na Kiswahili alijifunzia kwangu. Mara ya kwanza alijibu kwa sauti nyembamba ya kuigiza, nikacheka mpaka panga likanidondoka. Tulikuwa na miaka saba ya ndoa, bila mtoto.

Mwaka huo wa saba majirani walikuja kutazama. Ulimi hauna mfupa, na wangu ukiona watu ndiyo kabisa. Nikagonga, nikapaza sauti: "Miaka saba nakulisha, nakutunza, hujanipa hata mmoja! Wa nini wewe?"

Nilikusudia kusema hata moja. Fenesi moja. Sijui mpaka leo kama ulimi uliteleza au ulitoa la moyoni.

Majirani wakaangua kicheko. Mke wangu akajibu toka nyuma ya shina, tena kwa sauti yake mwenyewe: "Basi kata."

"Njomba, leo mti umekushinda!" jirani mmoja akasema. Nami nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko neno lenyewe.

Hakununa, hakugomba. Alipika, alifua, siku ya nne akaaga kwamba anakwenda kumsalimia mama yake. Alivuka mto, hakurudi. Nilimfuata mara mbili. Mama mkwe alinikaribisha uji, akaniambia, "Mwanangu, huyo hayupo." Kanga ya mke wangu ilikuwa imeanikwa uani, bado inachuruzika maji.

Msimu uliofuata mfenesi ukazaa. Ulizaa upande ule ule aliokuwa akijificha, chini, usawa wa tumbo la mtu. Yakiiva, harufu inaingia ndani mpaka kwenye shuka. Nayaogopa mafenesi yale, nisiwadanganye. Nayauza yote, sijaonja hata kokwa.

Mwaka huu haukuzaa. Asubuhi moja nikachukua panga, nikagonga, nikauliza kama zamani. Nilingoja jibu, mtu mzima na mvi zangu. Kisha nikazunguka nyuma ya shina, nikasimama alipokuwa akisimama, nikaegemeza mgongo.

Kumbe kutoka pale humwoni mwenye panga. Huoni uso wake, hujui kama anatania. Unasikia maneno tu.