Vipande Kumi na Sita vya Upande Mmoja

Mtaani walimwita Mkasi, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya ulimi wake, ingawa nao ulikuwa unakata. Alipewa kwa sababu ya kazi. Kwa miaka ishirini na sita alikata nguo za watu bila kuharibu hata mkono wa shati, na jambo hilo alilijua vizuri, wala hakukubali watu wasahau. Mteja akiuliza kama kitambaa kitatosha, Mkasi alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akasema, "Kitatosha, na kitabaki cha kofia."

Duka lilikuwa na vyumba viwili. Mbele palikuwa na vyerehani viwili, kioo kirefu na benchi la wateja. Nyuma palikuwa na meza ya kukatia, ndefu kiasi kwamba mtu angeweza kulala juu yake akanyoosha miguu. Mwenzake alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mjane mpole wa maneno, ambaye naye alikuwa fundi wa kweli. Walifanya kazi zote kwa zamu, huyu akikata yule akishona, kesho wakabadilishana. Walikuwa wamezoeana hata hawakuulizana tena nani kakata nini.

Maumivu yalimwingia Mkasi miaka sita kabla ya haya ninayoyasimulia. Yalianzia kwenye vifundo vya vidole, yakapanda viganja, mwishowe yakashika na magoti. Daktari alisema ni baridi yabisi, ugonjwa wa kuishi nao. Mchana aliweza kujikaza kisabuni, maana mchana una kelele na wateja. Usiku ulikuwa jambo jingine. Akilalia ubavu wa kulia, bega linaamka. Akigeukia kushoto, nyonga inadai haki yake. Akilala chali, magoti yote mawili yanaanza kulalamika. Mara nyingi alisikia jogoo wa jirani akiwika naye hajapata hata lepe la usingizi.

Alijitahidi, msimdhanie mzembe. Aliweka mto katikati ya magoti, akakumbatia chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo, na mikononi akavaa soksi za sufu ili vidole visishikwe na ubaridi. Mumewe alimtazama akasema, "Mchana huvai soksi miguuni, usiku unazivaa mikononi. Mimi nimeoa nini?" Kisha akalala fofofo kabla hajamaliza kicheko chake. Mkasi alimpenda mumewe, lakini kuna saa za usiku alizomchukia kwa namna alivyokoroma.

Nesi wa kliniki alimpa masharti. Alale na kuamka saa zile zile. Chai aiache mapema. Usingizi ukigoma, asibaki kitandani akigombana nao, bali aketi kitini mpaka urudi. Mchana asilale. "Na jambo la mwisho, mama," nesi alisema, "waambie unaofanya nao kazi. Siku ambayo hujalala, wakusaidie." Mkasi aliyafuata yote isipokuwa hilo la mwisho. Fundi asiyelala ni fundi asiyeaminika, hivyo ndivyo alivyoamini, na afadhali vidole vivunjike kuliko jina lake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani anayefuata maneno ya wahenga yanapomgusa yeye mwenyewe?

Wifi hakuwa kipofu. Siku moja alimwona akishika mkasi kwa mikono miwili, akamwambia kwa upole, "Wifi, kukata niachie mimi kwa muda. Wewe shona tu, uipumzishe hiyo mikono."

"Siku nitakayoharibu kitambaa cha mtu," Mkasi alijibu, "siku hiyo nitakuachia mkasi na meza yake."

Wiki ile ile ikaja kazi ya makoti manane ya kwaya, ya mahameli ya zambarau. Kitambaa kililetwa na kiongozi wa kwaya mwenyewe, mwanamume mwenye sauti nzito na subira nyepesi, naye alisema amekitafuta maduka yote na hakuna kingine.

Sasa, mahameli ina uso na mgongo. Ukitaka vipande vya mbele vya koti, cha kulia na cha kushoto, unatandika kitambaa uso kwa uso, ili mkato mmoja uzae pacha. Ukitandika tabaka zote zikitazama juu, utapata vipande vya upande mmoja tu, na hakuna dawa, kwa sababu ukikigeuza kipande, mgongo ndio unaotazama watu. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hufundishwa jambo hilo kabla hajagusa mkasi.

Asubuhi Wifi alikata migongo na mikono ya makoti. Saa nane mchana akaitwa mbele na mteja, na Mkasi, ambaye usiku uliopita alilala kwa muda usiotosha hata kuchemsha maharage, akaingia chumba cha nyuma kumalizia sehemu za mbele. Alitandika, akachora kwa chaki, akakata. Macho yalikuwa wazi, lakini mwenye macho hakuwepo. Vipande kumi na sita akavifunga kwa utepe, akavipanga juu ya vile vya Wifi, akarudi mbele akiwa ameridhika.

Siku nne baadaye kiongozi wa kwaya alikuja kuona kazi ilipofikia. Wifi alifungua fungu lile mbele yake. Akachukua kipande kimoja, akachukua cha pili, akavilinganisha. Akachukua cha tatu. Mkasi alikuwa kwenye cherehani chake, na alijua kabla kipande cha nne hakijainuliwa.

"Vyote ni vya kulia," Wifi alisema polepole.

"Nani amekata?" kiongozi wa kwaya akauliza.

Mkasi akafungua kinywa. Kwa miaka mingi baadaye angeweza kuapa kwamba alitaka kusema kweli. Kilichotoka ni hiki, kwa uso mkavu kabisa: "Mahameli uliikata wewe, wifi. Mimi nilikuwa na suruali za watu wa benki."

Alitarajia kubishiwa. Wifi angesema hapana, yeye angesema ndiyo, wangegombana kidogo, lawama ingegawanyika, yangekwisha. Lakini Wifi hakubisha. Alivitazama vile vipande kwa muda mrefu, midomo ikicheza kama anayetafuta namba ya simu kichwani. Kisha akasema, "Kumbe ni mimi. Nakumbuka mikono na migongo. Hivi vya mbele sivikumbuki kabisa."

Hapo ndipo Mkasi alipoelewa alichokifanya. Mama mkwe wake, mama wa huyu Wifi, alikufa akiwa hamjui mtu. Ilianza kwa kusahau sufuria motoni, ikaisha kwa kumwita binti yake "shangazi" na kumwomba amrudishe kwao. Wanawake hawa wawili walimwuguza pamoja, wakambadilishia nguo na kumlisha kwa kijiko. Katika watu wote duniani, Mkasi ndiye aliyejua Wifi anaogopa nini. Na hilo ndilo alilolishika na kumpiga nalo.

Kiongozi wa kwaya alifoka sana, kitambaa cha rangi nyingine kikanunuliwa, makoti yakashonwa. Vile vipande Mkasi alisema atavitupa. Hakuvitupa. Mahameli haitupwi, mkono wa fundi haukubali. Alivisukuma ndani ya gunia la mabaki chini ya meza, akavifunika kwa vipande vya khaki.

Tangu siku hiyo Wifi hakukata tena. Alibandika karatasi ukutani kwa mwandiko wake wa duara: Zima pasi. Funguo ziko mfukoni. Mama wa pacha atakuja Alhamisi. Akimaliza kufunga dirisha, alirudi kulihakikisha, akatoka, akarudi tena. Siku moja alisahau jina la mteja, jambo ambalo humtokea kila mtu, naye akaenda kusimama uani mpaka alipolikumbuka. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Mkasi aliona, akainamisha kichwa kwenye cherehani, akashona mshono uliokwisha kushonwa.

Roho ilimsuta. Usiku, kwenye kile kiti alichoelekezwa na nesi, alijaribu kutenganisha maumivu na hili jingine, akashindwa. Kidole kikiuma unajua ni kidole. Hili halikuwa na mahali pa kuwekea chupa ya maji ya moto. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikifika alijiambia asubuhi si wakati mzuri, kuna wateja. Jioni akajiambia Wifi amechoka. Mtu akitaka kuahirisha jambo, hata jua kuchomoza ni sababu. Miezi miwili ikapita hivyo.

Ijumaa moja Wifi alikuja na kifurushi cha kitambaa cheupe, akakiweka juu ya meza ya kukatia. Ndani yake mlikuwa na mkasi wake mwenyewe, aliorithi kwa mama yake.

"Uwe wako," alisema. "Mwanangu anakuja kesho kunichukua. Nitaishi naye. Cherehani nimepata mtu wa kukinunua."

"Unakwenda kufanya nini huko?"

"Kukaa. Ni bora niondoke ningali najua njia ya kurudi, wifi. Mama tulimwona mimi na wewe. Sitaki uniuguze na mimi kwa mikono hiyo inayokuuma."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomvunja. Mkasi alisema yote, bila kupamba. Kwamba vipande vile alivikata yeye. Kwamba alikuwa hajalala. Kwamba alimsingizia mbele ya mgeni kwa kiburi tu, kisha akanyamaza kwa woga. "Wewe ni mzima," alisema. "Hukusahau kitu. Huwezi kukumbuka jambo ambalo hukulifanya."

Wifi alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la huruma, na Mkasi alikuwa amejiandaa kwa kofi, si kwa hilo.

"Nilijua utajaribu," Wifi akasema. "Ahsante. Hata mama tulimwambia hivyo hivyo, unakumbuka? Alipotia chumvi kwenye chai, wewe ulisema umetia wewe. Usinifariji, wifi. Nimeshakubali."

Mkasi hakuwahi kufikiri kwamba kweli inaweza kuja ikakosa mtu wa kuipokea. Akaapa. Wifi akamshika bega na kumwambia atulie. Akaapa tena kwa kaburi la mamake, na Wifi akasema, "Mungu akulipe kwa moyo wako," na kuanza kukunja kile kitambaa cheupe.

Ndipo Mkasi alipopiga magoti, jambo ambalo hakulifanya tangu mwaka uliopita, akalivuta gunia kutoka chini ya meza. Alichimba mpaka chini ya khaki. Alitoa kipande kimoja cha mahameli ya zambarau, akakiweka mezani penye mwanga wa dirisha.

"Tazama ukingo," alisema akiwa bado chini.

Fundi mwenye mkono mzima huufunga mkasi mpaka mwisho, na ukingo wa kitambaa huwa mstari mmoja mrefu. Mkasi hakuweza tena kuufunga wake hivyo. Vidole viligoma katikati, akawa anakata kwa kuuma kidogo kidogo, na kila alipouma palibaki kijino. Hakuna mteja aliyewahi kukiona, kwa sababu ukingo huingia ndani ya mshono. Yeye alikiona kila siku, akakificha kila siku.

Wifi alipitisha kidole kwenye ukingo ule, taratibu, kuanzia begani mpaka chini. Akainama mwenyewe kwenye gunia, akapekua, akapata baki la mkono wa koti alilolikata yeye asubuhi ile. Ukingo wake ulikuwa mstari mmoja. Aliviweka pamoja. Akachukua kipande cha pili cha mbele, na cha tatu, akavigusa vyote kumi na sita kimoja kimoja.

"Miezi miwili," Wifi alisema hatimaye. Upole ulikuwa umetoka sautini. "Unajua nimekuwa nikilala vipi? Silali. Naogopa kufumba macho, nisije nikaamka nimesahau jina la mwanangu. Nalitaja mpaka kunakucha."

"Mimi pia sijalala, wifi," Mkasi alisema, na papo hapo akatamani angeyarudisha maneno hayo.

"Wewe usingizi umenyimwa na viungo vyako," Wifi akajibu. "Mimi nimenyimwa na wewe."

Alitoa simu mfukoni, akapiga. Mkasi alijaribu kuinuka pale sakafuni, goti likakataa, akashika mguu wa meza. Siku nyingine zote Wifi angempa mkono kabla hajauomba. Leo alikuwa amempa mgongo, anatazama dirishani.

"Mwanangu," Wifi aliiambia simu, "kesho usije. Hapana, hakuna kibaya. Mama yako ni mzima." Akasikiliza, kisha akarudia, "Mzima, mwanangu, mzima kabisa," na safari hii sauti ikakatika, akaanza kulia kwa nguvu, huku Mkasi akimsikiliza kutoka chini, asiweze kusimama na asithubutu kumwita.