Jumuiya Wameiruka Nyumba Yangu

Admin, nifiche jina. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, naishi Uyole, Mbeya. Shule sikuingia, ndiyo maana nakutumia sauti. Andika nilivyosema, usinipambe.

Nina mjukuu niliyemlea tangu binti yangu afariki. Sasa ni fundi seremala huko Iringa. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume hutaniana kama mke na mume. Siku moja kwenye simu nikamwambia, "We mume wangu, mke mwenzangu unamleta lini? Mwiko wa kumchapia ninao!" Hakucheka. Akasema, "Bibi, hatakuja. Naishi na mwanaume mwenzangu, tunapendana."

Nikakaa chini palepale jikoni. Mimi ndoa ninayoijua ni ya mume na mke, siwadanganyi, na yeye nilimwambia hivyo hivyo. Halafu nikamuuliza kama amekula.

Jumuiya yetu ya kanisa tunasali nyumba kwa nyumba, na mwishoni kila mtu anataja hitaji lake. Mimi nikalitaja lilivyo, nikijua niko kwa ndugu zangu: "Mwombeeni mjukuu wangu, na huyo kijana anayeishi naye." Hakuna aliyeitikia amina.

Zamu ya kwangu ilipofika nikachemsha viazi, nikapika chai ya maziwa, nikapanga viti. Nikasikia wimbo unaanzia kwa jirani. Wameniruka! Vile viazi nimekula peke yangu mpaka vikachacha.

Baadaye mzee wa kanisa akaja, akasimama mlangoni, kiti akakataa. "Mama, mwambie asikanyage hapa Krismasi. Ukimkataa, tutarudi kusali kwako."

Nikamjibu, "Baba, mwanao analewa mpaka anatapika kwenye maua ya kanisa, na jioni unampa ugali. Mimi wangu nimnyime?" Akaondoka bila kuaga.

Jana mjukuu kapiga. "Bibi, nije Krismasi? Nitakuja peke yangu." Nikajifanya mtandao unakata. Haukukata.

Hawa wa jumuiya ndio niliozika nao mume wangu, na ndio watakaonibeba mimi. Lakini yule ndiye atakayenililia. Wakiimba kwa jirani, nami naimba sauti ya pili huku jikoni, peke yangu.

Ninyi wanangu mliosoma, nimjibu nini huyu mtoto? Ila nitumieni kwa sauti. Kusoma sijui, na humu ndani nina hamu ya kusikia mtu akiongea.