Mvua ya Julai Kigwa

Pelagia wa Kigwa alikuwa na kazi tatu: kulima karanga, kuwauzia abiria treni ikisimama, na kutuma sifuri. Hii ya tatu ndiyo iliyomfanya achekwe. Nyuma ya nyumba yake watu wa hali ya hewa walimwekea kipimamvua, kopo la bati lenye mdomo mpana. Kila asubuhi anachungulia, anapima, anatuma namba mjini Tabora kwa simu. Masika namba zinanona. Kiangazi ni sifuri juu ya sifuri mpaka kidole kinaona haya.

"Mnyamwezi," Sabiri humwita, "sifuri imeamkaje?"

"Salama. Inakisalimia kichwa chako, ndugu yake."

Sabiri ni Mzaramo aliyeletwa na kazi ya reli, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Mtani akikuchokoza unacheka. Ukinuna, kosa ni lako.

Julai hiyo Sabiri aliletewa madafu kutoka kwao. Alikunywa mpaka akavimbiwa, kisha alfajiri akanyata uani kwa Pelagia, akamimina dafu zima ndani ya kopo.

Kulipokucha Pelagia akachungulia. Maji! Akatazama chini: vumbi tupu, kuku akipita linatimka. Alijua kabisa si mvua. Lakini mtu aliyetuma sifuri tangu masika yaishe, akipata namba yenye kitambi haulizi imetoka wapi. Akatuma.

Siku chache baadaye gari likasimama mlangoni. Akashuka Najiat, binti wa mjini anayekusanya namba za vijiji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikupimie karanga?"

"Nimefuata mvua, mama. Mvua ya Julai."

Akamweleza. Kuna kompyuta ng'ambo zinazokadiria hali ya hewa ya dunia nzima kwa miaka ijayo. Zimeikata dunia mirabamiraba kama kitenge, na mraba wa Kigwa, pamoja na vijiji na mapori yake, una kopo moja tu, la Pelagia. Likilowa hilo, kompyuta inajua wamelowa wote.

"Wakubwa wanasema kituo kimeharibika. Wanataka kufuta namba zako za miaka yote, kopo lihamie kwingine."

Pelagia akakaa chini. Alipima akiwa na homa. Asubuhi ya kumzika mumewe alipima kwanza, ndipo akalia.

Sabiri, aliyekuwa akisikiliza uani, akajitokeza anacheka. "Mvua ni mimi! Nilimimina dafu!"

"Baba, si wakati wa utani," Najiat akasema. Kila Sabiri alipoapa, ndivyo alivyozidi kuonekana anamtetea jirani.

Pelagia akainuka. "Basi utalipa faini, Mzaramo. Babu zangu walibeba pembe kichwani mpaka kwenu. Leo beba wewe. Miiba ya kuzungushia kopo langu, na upite stesheni treni ikiwa imesimama."

Kicheko kikamkauka Sabiri. Lakini kukataa faini ni kuvunja utani, na ugenini huku, bila watani, nani angekuja kuuchangamsha msiba wake?

Akabeba. Mzigo wa miiba kichwani, shingo imekakamaa, abiria wamejaa madirishani na simu zao. Nyuma yake Pelagia: "Karanga! Karanga na mpagazi wa pwani! Chagueni!"

Najiat akaacha kubisha. Hakuna mwanamume anayetembezwa hivyo kwa kosa la kujisingizia. Akapiga simu mjini: ifutwe siku ile moja, nyingine zibaki, na kopo lisiguswe.

Kisha akageuka. "Na wewe, mama. Vumbi hukuliona?"

"Nililiona."

"Sasa?"

"Sifuri zilinichosha, mwanangu."

"Choka, mama. Lakini tuma."

Kesho yake Pelagia akajipenyeza kwenye miiba, ikamchana kanga, akachungulia. Pakavu. Akatuma.

"Mnyamwezi!" sauti ikatoka barabarani. "Sifuri imeamkaje?"

"Salama, mtani. Inaulizia shingo yako."