Mashati Yaliyokwisha Nyooka

Mke wangu alipiga pasi katika bweni la wavulana wa chuo kikuu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi: meza, blanketi lililoungua pembeni, pasi, kigoda cha mteja. Wanafunzi walimwita Mama Pasi. Mimi ni mwashi. Nilikuwa nikimtania:

"Hao watoto wako mashati hayanyooki? Kutwa wako kwako."

"Shughulika na matofali yako, mzee."

Amefariki. Mazishini nilishika koleo nikafukia kama kazi nyingine. Watu wakasema mzee kajikaza. Nimelelewa hivyo, mwanamume hulia kwa ndani. Lakini tangu siku ile kooni pamekaba, hata maji yanapita kwa shida.

Jana nilikwenda kuchukua pasi yake. Nikiwa nafunga waya, kijana mrefu akasimama mlangoni, shati mkononi.

"Shikamoo, babu. Mama Pasi yupo?"

"Marahaba. Tumemzika, mwanangu. Mimi mumewe."

Akakaa kigodani bila kukaribishwa. Shati akalisokota kama analikamua. Nikaona mstari wa pasi kwenye mkono wa shati, umesimama wima.

"Hilo si limenyooka?"

"Limenyooka, babu. Huwa tunayakunjakunja makusudi huko juu, ndipo tunashuka." Akafuta pua. "Ukilia chumbani, wenzako wanakwambia vaa gauni. Hapa unasema lako, yeye anapiga pasi. Hakutazami. Ukiwa na mengi, anarudia kola."

"Alijua?"

"Alijua sana."

Miaka yote hiyo, nami hakuniambia. Siri za watu hakuzitoa nje.

"Leo ulikuja na lipi?"

"Nimeacha uhandisi, nasomea uuguzi. Baba kasema hana mtoto wa kiume tena."

Nikafungua waya, nikachomeka pasi.

"Lete."

Sikuwahi kushika pasi maishani. Nikaikokota kama mwiko wa uashi juu ya lipu, macho mezani. Akasema, akalia, akasema tena. Shati likaisha. Nikampa. Hakulipokea. Alinitazama usoni kidogo, kisha akageukia ukutani.

"Kola bado, babu."

Kola ilikuwa imenyooka. Nikairudisha mezani, nikaanza.

"Mke wangu," nikasema, na koo likafunguka. Niliipiga kola ile mpaka ikaanza kunuka kuungua, na kijana hakugeuka.