Kitenzi cha Kumpata Mjukuu

"Mtaongea nini?" Ndivyo binti yangu alivyoniuliza kila nilipomwomba anionyeshe mjukuu wangu kwenye simu ya video. Yeye alikuwa akipiga ya sauti tu, tena kwa kunong'ona, kama anayeiba. "Mama, mtoto hajui Kiswahili, na wewe hujui Kihispania. Mtaongea nini?" Mtoto mwenyewe anakwenda chekechea huko kwao, na mimi tangu azaliwe nimemwona kwenye picha tu. Binti yangu ni wa pekee. Alikutana na Mhispania wake akifanya kazi hotelini Pangani, akaolewa, akaondoka. Haya. Nikasema moyoni, nitakuonyesha tutaongea nini.

Mtaani kwetu Ngamiani mwenye kujua Kihispania ni mmoja tu, jirani yangu, anayetembeza watalii Pangani. Masika watalii hawaji, kwa hiyo anashinda barazani kwake akitafuna mihogo. Balaa ni kwamba nilimfundisha darasa la nne. Tena niseme nilimchapa, maana kufundishika alikuwa hafundishiki. Alikuwa mwongo na mzembe, na kiboko changu kilikuwa hakilali. Wala sijutii.

Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka mhogo ukamtoka. "Nitakufundisha, mwalimu. Bure kabisa. Lakini kwa masharti yako mwenyewe."

Masharti yangu! Siku ya kwanza akakaa kwenye kiti changu, ukumbini kwangu, akaniamuru nisimame wima nimwamkie kama darasani. Mimi, niliyemjua makamasi yakimfika kidevuni, nikasimama na magoti yangu haya mabovu, nikasema, "Shikamoo, mwalimu." Akaniacha nimesimama. Akakoroga chai yake taratibu, akaonja, akaongeza sukari, ndipo akaitika, "Marahaba. Kaa." Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Akaanza na kitenzi chao kikubwa, kile cha kusema mtu ni nani. Sisi tuna "ni" yetu moja na inatutosha: mimi ni, wewe ni, yeye ni. Wao kila mtu ana lake. Mimi ni "soy". Wewe ni "eres". Yeye ni "es". Halafu sisi "somos", nyinyi "sois", wao "son". Nikamwambia hiki si kitenzi, hii ni nyumba yenye watoto wa baba mbalimbali, hakuna anayefanana na mwenzake.

"Usiniletee mdomo," akasema. "Soma!"

Nikikosea ananigeuza nitazame ukutani. Watoto wa mtaa wakaja kuchungulia dirishani, wakacheka, naye akawaachia wacheke. Siku moja nilisema "yo es" badala ya "yo soy", akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, hivi ubongo wako umeusahau sokoni?" Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyomwambia mbele ya wenzake wote. Nilikwenda jikoni nikakata vitunguu, nipate kisingizio cha kulia. Kesho yake nikasimama tena. Shikamoo, mwalimu. Soy, eres, es. Nilitaka mjukuu wangu anijue, basi, hata kwa kudhalilishwa.

Mfungo unakwisha nilikuwa na sentensi mbili zisizo na kasoro. Ya kwanza, "Soy tu abuela," mimi ni bibi yako. Ya pili niliitunga mwenyewe, "Eres mi marido," wewe ni mume wangu. Nani hapa pwani hakuitwa mume na bibi yake? Bibi asiyemtania mjukuu wake wa kiume, asiyemdai kanga na vitumbua kama mke, huyo ana lake. Hata yule jeuri ilimpendeza. Akanihadithia kwamba bibi yake alimwita mume mpaka anaoa, na siku ya harusi akajifanya amenuna. Binti yangu naye anayajua hayo. Mama yangu alimwita mke mwenza, wakishinda kutwa wakigombania babu na kucheka.

Siku ya Idi sikuomba ruhusa. Nikavaa, nikapaka wanja, mwalimu wangu akaniwekea bando, nikapiga video. Akapokea mtoto mwenyewe. Ya Rabi! Paji la marehemu mume wangu, masikio ya marehemu mume wangu.

"Soy tu abuela," nikasema, bila kosa.

Akanitazama. Akaigeuza simu, akanionyesha mwanamke wa Kizungu aliyekaa kwenye kochi akifuma sweta, mama wa baba yake. "Mi abuela es ella," akasema. Bibi yangu ni yule. Nilielewa, kwa bahati mbaya.

Nikaona nimtanie, ndipo atanizoea. "Eres mi marido!" nikasema, nikamkonyeza. Mtoto akapiga ukelele. Yule mwanamke, ambaye hakuwahi kuniona, akatupa sweta lake, akampokonya simu, akanitazama kama aliyekuta nyoka kitandani. Akaita. Binti yangu akatokea jikoni, mikono ina povu. Akaniona, macho kwa macho. Angesema tu, ni mama yangu, huu ni utani wa kwetu, yangekwisha.

"¿Quién es?" yule mwanamke akamuuliza. Ni nani huyu?

"No es nadie," akajibu mwanangu, akakata simu.

"Es" nilikuwa nalijua. Hiyo "no" haina mwalimu. Nikamgeukia jirani yangu. "Nadie ni nini?"

"Sikusikia vizuri."

"Nilikuchapa kwa uongo ukiwa darasa la nne na bado hujaacha. Nadie ni nini?"

Akainama, akatazama vidole vya miguu yake. "Kasema si mtu. Si mtu yeyote, mwalimu." Mshenzi yule, aliyenisimanga masika yote, siku hiyo ndiyo akaona haya kunitazama. Nikamwambia ale pilau yake aende.

Baada ya magharibi simu ikalia. Sauti tu, kama kawaida, na ya kunong'ona. "Shikamoo, mama. Idi mubarak."

Nikakaa vizuri kitini. Magoti yalikuwa yakiniuma.

"Marahaba," nikamwambia. "Nani mwenzangu?"