Jina Ambalo Mama Alimwachia Bibi

Mbwa mwitu ananuka. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za ukoo wetu huuliza kwanza kuhusu meno, nami huwajibu kuhusu harufu. Ni harufu nzito, ya kitu kilicholowa, kikakaushwa na jua, kisha kikalowa tena. Kila mwaka korosho zilipokaribia kuanza kudondoka iliijaza nyumba yetu ya udongo huko Nambilanje. Ilikaa kwenye khanga za mama, kwenye mkeka, mpaka kwenye kata ya kunywea maji. Mama alichoma udi asubuhi na jioni, akakamua ndimu kwenye maji ya kuogea, na bado wageni waliokuja kuulizia bei ya mbaazi walitazama juu wakidhani panya amefia darini. Mimi niliipenda. Nikiisikia nilijua mama amerudi.

Niwaeleze wasiotujua. Kwa upande wa mama sisi ni watu wa kwenda. Baada ya ufuta kuvunwa na kuuzwa, baadhi ya watu wazima wa ukoo hugeuka mbwa mwitu, wakaishi porini upande wa mto Mbwemkuru kiangazi chote, kisha wakarudi nyumbani kuokota korosho. Hakuna usiku wa manane wala mbalamwezi katika habari hii. Mbwa mwitu huwinda mchana, kama watu wenye kazi zao. Majirani walijua, Wamwera kwa Wamakonde, na hawakutuogopa zaidi ya wanavyoogopa ukoo wenye mapacha wengi. Mtu akimwulizia mama miezi ile aliambiwa, “Amekwenda,” naye aliuliza lini anarudi, basi. Ndiyo maana kwetu hatusemi marehemu amekwenda. Tunasema amekufa, hata kama wenzetu wanaona ni ukali.

Mahali pa kwendea paliitwa Mahali tu. Palikuwa na vitu vitatu: mti wa msolo, mwamba mrefu nyuma yake, na kisima kidogo chini ya mteremko. Chini ya msolo bibi yangu, mama mzaa mama, alimwaga unga mweupe wa mtama polepole kutoka kwenye kiganja mpaka ukasimama na ncha, akaufunika kwa bakuli. Asubuhi yake bakuli lilifunuliwa. Unga ukiwa bado umesimama, watu walikwenda. Ukiwa umeporomoka, walirudi nyumbani kusubiri, na hakuna aliyebisha. Waendao walizunguka nyuma ya mwamba wakiwa wamejifunga khanga au shuka, na upande wa pili wakatokea wakiwa na miguu minne. Kisima kilikuwa cha kurudi. Sisi ni Waislamu, na inasemekana wazee wa zamani walimwuliza mwalimu mmoja wa chuoni nini hukumu ya jambo letu. Alifikiri, akasema mbwa ni mbwa, mjitwaharishe mara saba, moja kwa udongo. Basi kila aliyerudi alisuguliwa udongo wa kisima mwili mzima, kisha akamwagiwa maji, ndipo akapewa nguo na kuruhusiwa kusalimia watu. Mama alikuwa akifika nyumbani na udongo ungali ndani ya masikio.

Lakini kiini cha yote kilikuwa jina. Msichana wa ukoo wetu akitoka unyagoni, mbali na jina jipya ambalo wakubwa wote wa ukoo walilijua, alinong'onezwa sikioni jina la kwendea. Lilijulikana na watu wawili tu, yeye na mtunza jina wake, na kabla ya kwenda aliliacha kwa yule mtunza. Siku ya kurudi, mtunza alisimama chini ya msolo akaliita, na mwenye jina akarudi nyuma ya mwamba, akatoka akiwa mtu. Sisi wengine tulipiga vigelegele kwa nguvu zote ili tusilisikie. Mbwa mwitu ana masikio ya mviringo, makubwa kama visahani vya chai, vigelegele havimzuii kusikia la kwake. Siri yenyewe ilikuwa na sababu ya kawaida kabisa. Anayejua jina lako anaweza kukuita wakati wowote, na wanawake wa kwetu hawakutaka waume zao wawaite katikati ya kiangazi eti mikorosho inahitaji kupaliliwa.

Mtunza jina la mama alikuwa bibi. Mwaka ninaousimulia, mama alikuwa amekwenda muda mrefu tu bibi alipopata kiharusi. Alikuwa anapepeta ufuta wa mbegu uani, akakaa chini ghafla, ungo ukamwagika. Hospitalini Nachingwea walimtibu, akarudi nyumbani akiburuta mguu wa kulia, na katika maneno yote aliyoyajua, kwa Kimwera na Kiswahili, lilikuwa limebaki moja: kumbe. Akitaka maji alisema kumbe. Akikasirika alisema kumbe, kumbe, kumbe, akipiga mkeka kwa mkono mzima. Mimi nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili nilielewa kwa nini baba hacheki.

Baba alikuwa Mmakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma, alikuja kutafuta mashamba akapata mke. Kwa adabu ya mkwe hakuwahi kumtazama bibi usoni. Sasa alilazimika kumwuliza jambo ambalo hata mkwe wa kawaida haulizi, na aliuliza akiwa ameketi kizingitini, amempa mgongo, mimi nikiwa katikati.

“Zainabu, mwulize bibi yako. Mama yako nimwiteje?”

Niliuliza. Bibi alifumba macho, mdomo ukahangaika, mshipa wa shingo ukasimama.

“Kumbe,” alisema, akaanza kulia.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho pengine watoto wengi hawakigundui. Sikujua jina la mama. Silizungumzii lile la kwendea. Sikujua jina lake lolote. Watu wote walimwita Mama Zainabu, na bibi alimwita mwanangu. Baba alikuwa na kadi yake ya kupigia kura, imeandikwa Asha Saidi, lakini mjomba wangu, kaka yake mama aliyekuwa mlinzi wa Mahali, alitueleza kwamba hilo mama alilisema tu kwa karani kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Jina lake la unyagoni mjomba alilijua, akaona haya kulitaja mbele ya shemeji yake, mwishowe akalitaja, ila halikuwa na kazi kwa mbwa mwitu. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mama yangu alikuwa hai, mzima, mahali tunapopajua, na hatukuwa na neno la kumrudisha.

Siku ya kurudi ilipofika bibi alipakiwa kwenye fuso lililokuwa linakwenda kubeba magunia, kisha wanaume wakambeba kwa kitanda cha kamba mpaka Mahali. Tulifika baada ya alasiri. Kundi lilikuwa limekwishakuja, limekaa kwenye majani yaliyoungua, madoa ya njano na meupe na meusi, hakuna wawili wanaofanana, wanahema ndimi nje. Sikuweza kumtambua mama. Ninasema hivyo kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mtoto alimjua mama yake kwa macho. Sikumjua.

Kwa umri, bibi alikuwa wa kwanza kuita. Walimsimamisha chini ya msolo, mjomba akamshika kiuno. Wanawake wakaanza vigelegele, na mimi nikapiga vyangu mpaka koo likauma, kulifunika jina. Bibi aliita. Aliita kwa nguvu, kwa uso wa mtu anayejua kabisa anachokisema. Vigelegele vilipokatika tulimsikia bado anaita, “Kumbe! Kumbe!” na mbwa mwitu wale wanamtazama kwa heshima, hakuna aliyeinuka.

Baba akaacha adabu yote. Alisogea mbele ya mkwewe, akaita Asha Saidi, akaliita na lile la unyagoni. Hakuna sikio lililogeuka. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi ilipo, “Mama Zainabu, twende nyumbani.”

Mbwa mwitu mmoja jike, mwenye sikio lililochanika, alisimama. Alitikisa mkia. Akakaa tena.

“Shemeji,” mjomba alimwambia taratibu, “hilo si jina lake. Hilo la mtoto.”

Mimi nikapiga kelele, “Mama!” na karibu nusu ya kundi ikainua vichwa. Wengi wao walikuwa na watoto. Mjomba alinikamata mkono akaniambia nisiwachanganye watu, kuna wenzangu nao wanasubiri mama zao. Alikuwa sahihi, na mpaka leo sijaisamehe ile sentensi.

Watunza wengine wakaita wa kwao. Mmoja mmoja waliitwa, vigelegele vikapigwa, mbwa mwitu akatoweka nyuma ya mwamba, na mtu akateremka kisimani akikohoa na kuchechemea kidogo kama aliyetoka safari ndefu. Tulisikia maji yakimwagwa, watu wakicheka, mtu akilalamika kwamba udongo umemwingia jichoni. Kundi likapungua. Mwisho akabaki yule jike mwenye sikio lililochanika, amekaa peke yake kwenye majivu ya majani, anatazama huku na huku kama mtu aliyeachwa kituoni.

Alikuja mwenyewe. Alipita karibu na baba bila kusimama, akapita karibu nami nikaisikia harufu, ile ile ya khanga za mama, akafika kwenye kitanda cha kamba ambako bibi alikuwa amelazwa tena. Alilaza masikio. Alimlamba bibi pembe za mdomo, ule upande uliolegea. Kisha akainamisha kichwa, tumbo likajikunja, akatapika nyama pale ubavuni kwa bibi, nyama mbichi inayofuka mvuke. Mjomba, ambaye anawajua mbwa mwitu, alitueleza kwamba kundi lao hufanya hivyo kwa watoto na kwa mgonjwa aliyeshindwa kwenda mawindoni. Mgonjwa hula kwanza. Bibi aliweka mkono mzima juu ya kichwa chenye madoa, akasema, “Kumbe.” Tangu augue, ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kukaa mahali pake.

Mama alikaa nasi mpaka jua lilipolala kwenye mwamba, kisha akainuka akaelekea Mbwemkuru. Hakukimbia. Nililia njia nzima kwenye fuso, na sikuwa na namna ya kusema amekufa, wala sikutaka tena kusema amekwenda.

Bibi alikufa masika yaliyofuata. Baba alianza kutafuta majina. Sokoni Ruponda aliwauliza wanawake wazee, hasa wa Kimwera, majina ya mabibi zao na ya mabibi wa mabibi zao, mpaka akapata sifa ya mwanamume asiyetulia. Kila kiangazi kilipoisha alikwenda Mahali akasimama chini ya msolo na kuyaita yote aliyokusanya mwaka ule, akipumzika kati ya jina na jina ili mtu apate nafasi ya kuitika. Miaka ya kwanza yule jike alikuja akakaa kwa mbali, akamsikiliza mpaka mwisho. Mwaka mmoja hakuja. Mbwa mwitu haishi miaka mingi. Baba aliendelea kwenda miaka miwili zaidi, kisha magoti yakamkatalia.

Mimi sasa ninaishi Nachingwea mjini, nina duka la vifaa vya shule, mume na watoto wawili. Mashamba ya ufuta yamesogea mpaka mgongoni kwa mwamba, na wanaokwenda ni wachache. Hao wachache, mjomba ananiambia kwa uchungu, humtumia mtunza jina ujumbe kwa simu, naye akishasoma anafuta, eti ndiyo siri. Unga wa dukani hausimami vizuri, unaporomoka hata kama hakuna upepo, kwa hiyo siku hizi hawasubiri asubuhi. Kwenye karatasi zangu zote, mahali pa jina la mama, nimeandikwa binti wa Asha Saidi, mwanamke ambaye hakuwahi kuitika.

Nimetoka unyagoni, na haki ya kwenda ninayo. Jina la kwendea sina, maana wa kuninong'oneza walikuwa wawili, mama na bibi, na wote hawapo. Siku nikienda nitakwenda na Zainabu, jina ambalo mtaa mzima unalijua, na yeyote anayetaka nirudi kupalilia aniite tu.

Kwa hiyo watoto wangu hawaniiti mama. Niliwafundisha tangu wanaanza kusema. Majirani wanaona nimewalea vibaya, na mmoja alikuja kabisa kunishauri. “Mama Salehe,” aliniambia, “mtoto kumtaja mzazi jina ni kukosa adabu, utakuja kulaumiwa.” Nilimkaribisha chai, sikumweleza. Yule mdogo bado ulimi mzito. Kila jioni akitoka kucheza husimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaita “Dhainabu!” kwa sauti ya kufika sokoni, nami huacha wateja, nikaenda.