Nani Anaichezea Gokati Namba Tisa?

Saa nane mchana, Jumapili, jijini Guangzhou. Leokadia Mutalemwa amechuchumaa nyuma ya gokati namba tisa, kigari cha mbio kisicho na paa wala milango, akidondosha maji ya chupa kwenye diski ya breki. Maji yanachemka na kuruka. Ananusa, anakunja uso, kisha anamtazama dereva aliyetoka kuiendesha.

Dereva huyo, Njuguna, ni mfanyabiashara wa nguo kutoka Nairobi. Amebana kofia ngumu kwapani na hacheki. Hii ni Jumapili ya tatu mfululizo anapewa namba tisa na kumaliza wa mwisho, na kwa maoni yake kuna mtu anayepanga iwe hivyo.

"Siz, hii kitu unaifunga mahali," anamwambia fundi. "Wengine unawapa zenye zinakimbia, mimi unaniwekea ng'ombe."

Leokadia, mzaliwa wa Muleba mwenye miaka thelathini na mmoja, ndiye fundi wa uwanja huu ulio nyuma ya maghala. Alikuja China kwa ufadhili kusomea ufundi wa mitambo, akahitimu, akaajiriwa hapa. Analipwa yuan elfu saba kwa mwezi; nusu huliwa na pango na chakula, na sehemu ya kinachobaki huenda kwa mama yake. Kibali chake cha kuishi kinategemea mkataba huuhuu wa kazi.

Kwa hiyo maneno ya Njuguna si utani. Wiki iliyopita alikwenda kumlalamikia mwenye uwanja, ambaye kila mtu humwita laoban, yaani bosi. Laoban hakumgombeza fundi wake. Alifunga tu kamera mpya juu ya meza ya spana, akasema mkataba utaangaliwa upya mwisho wa mwezi.

"Mtu akikufokea unajua pa kusimama," anasema Leokadia. "Huyu alinyamaza, akaning'iniza kamera. Tangu hapo hata nikichukua tambara najiona kama naiba."

Mwandishi wa makala haya naye hakuwa mwepesi wa kumwamini. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hushindana hapa Jumapili wakati mizigo yao inasubiri kontena, na wa mwisho huwanunulia wenzake chakula cha jioni. Fundi akiamua kumpendelea mtu kwa kulegeza nati moja ya mpinzani wake, nani atajua?

Njuguna ana sababu zake pia. Mwaka juzi, kule Guangyuan Xilu, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, alionyeshwa sampuli ya jaketi safi kabisa. Mzigo ulipofunguliwa Nairobi, zipu hazikufungika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na siku hizi Njuguna hukagua hata kamba za kufungia marobota.

Leokadia mwenyewe alishaanza kushuku. Alidhani kuna mwenzake wa karakana anayeigusa namba tisa kwa siri ili yeye afukuzwe, akawa anafika kazini kabla ya wote. Alivua magurudumu, akakagua mnyororo, ekseli na kabureta. Hakuona kitu. Wateja wengine waliiendesha wiki nzima bila shida. Ugonjwa ulirudi Jumapili, pamoja na harufu ya kuungua.

Leo anamwambia Njuguna achague mwenyewe gokati anayoitaka. Anachagua namba nne, iliyotoka kushinda. Anazunguka nayo mbele ya macho ya wenzake, na kabla hajamaliza, namba nne nayo inasitasita na kunuka vilevile.

"Umehamisha ugonjwa," anasema Njuguna akishuka. Wenzake wanacheka, yeye hacheki.

Leokadia anamwuliza alikuwa akiendesha nini kabla ya biashara. Kanta, anajibu, lori dogo la kubeba kabichi kutoka Kinangop, na aliliendesha miaka mingi. Fundi anamwomba, kwa adabu, avue kiatu cha kushoto.

"Mzee, zunguka polepole. Ukifika kona sikiliza huo mguu, achana na injini."

Gokati haina gia. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta, wa kushoto unakanyaga breki, basi. Dereva mzuri hukanyaga breki mapema gari likiwa limenyooka, akaiachia, akakata kona kwa usukani mtulivu, ndipo akakanyaga mafuta. Lakini mguu uliozoea kanta hutafuta klachi kila kona, na kwenye njia iliyonyooka hupumzika juu ya pedali. Breki inabana huku mafuta yanaingia, na klachi ya gokati, inayojishika yenyewe kule ndani, inateleza na kuungua.

Njuguna anarudi. Hashuki. Anautazama mguu wake wenye soksi kana kwamba ndio uliomuuzia zile jaketi.

"Unajipeleka wenyewe," anasema. "Sijautuma."

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na safari hii jua lilikuwa limeshashtakiwa kwa bosi. Njuguna anavuka uwanja na kiatu kimoja hadi kwa laoban. Kwa Kichina chake cha sokoni anaonyesha mguu, anaonyesha namba tisa, anatikisa kichwa. Mei you, anasema, tatizo hakuna. Laoban anamsikiliza hadi mwisho, kisha anamwambia Leokadia kwamba mkataba utasainiwa. Kamera anaiacha ilipo.

Jioni, Njuguna akinunua chakula kama kawaida yake, anamletea Leokadia habari nyingine. Amesikia kwamba fundi huyu anaota kufungua uwanja wa gokati Mwanza, wenye karakana ya kufundishia wasichana. Yeye ana mtaji na ana nafasi kwenye kontena. Anataka wawe wabia.

Leokadia amefurahi, na hafichi. Hata hivyo hajampa jibu.

"Uwanja nitaufungua, hilo sina wasiwasi nalo," anasema akifuta mikono. "Ila amenishuku Jumapili tatu kwa kosa la mguu wake. Nimemwambia aendelee kuja kushindana. Sasa breki ameshaijua, nataka nisikie akishindwa kihalali atamlaumu nani."